Ua wa Normandy mezani: sponji ya jikoni, majani ya dukani au manyoya ya farasi?

Karibuni tena, wapenzi wa michezo ya vita ya mezani. Leo nimepanga mbele yenu vitu vitatu ambavyo watu huvitumia kutengenezea ua wa miti. Kuna sponji ya kijani ya kusugulia masufuria. Kuna pakiti ya majani ya sponji inayouzwa kwenye maduka ya modeli. Na kuna hiki kipande cha kahawia, manyoya ya farasi yaliyoshikanishwa kwa mpira, yale ambayo mafundi wa Ulaya hujazia viti. Nitavipima kwa kazi moja tu: ua wa Normandy, Ufaransa, kiangazi cha mwaka 1944, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Nimechagua Normandy kwa sababu kule ua ndio uliokuwa uwanja wa vita wenyewe. Wamarekani walipotoka ufukweni mwezi Juni waliingia kwenye mashamba madogomadogo yaliyozungushiwa matuta ya udongo, na juu ya kila tuta kuna vichaka na miti ambayo mizizi yake imeushika udongo kwa karne nyingi. Wajerumani walichimba mashimo yao ndani ya matuta hayo na kutega bunduki za rashasha kwenye pembe za mashamba. Kifaru cha Sherman kikijaribu kupanda tuta, kinainua pua na kuacha tumbo wazi, na chuma cha tumboni ndicho chembamba. Ndipo Sajini Curtis Culin, wa kikosi cha 102 cha upelelezi, akapata sifa kwa wazo la kufunga meno ya chuma mbele ya kifaru ili kipasue tuta badala ya kulipanda. Chuma chenyewe kilitokana na vizuizi ambavyo Wajerumani walikuwa wameviacha ufukweni. Sasa niambieni, mtu akitandaza mezani utepe wa kijani wa sentimita mbili, hayo yote yatachezwa wapi?

Kwa hiyo tunaanza na tuta. Kwa wachezaji wa milimita 28 (ndicho takriban kimo cha askari wa modeli), yaani kipimo cha 1/56, tuta la mita moja na nusu linakuwa kama sentimita 2.7. Askari akisimama nyuma yake anafichika karibu mwili mzima. Ukiongeza vichaka hadi mita nne toka chini, jumla ni sentimita 7 hivi. Sherman ana kimo cha takriban sentimita 5 kwa kipimo hicho, kwa hiyo anapotea kabisa nyuma ya ua, na ndivyo inavyotakiwa.

Kitako nakata kwenye silingibodi, vipande vya sentimita 15. Juu yake nabandika povu gumu jeupe, lile linalofungashiwa televisheni, nalichonga mbavu zilale kidogo, halafu napaka gundi ya mbao iliyochanganywa na mchanga na unga wa mbao. Msipulizie rangi ya kopo kabla povu halijafunikwa lote, maana rangi ile inaliyeyusha.

Haya, tuje kwenye bidhaa. Sponji ya jikoni: rahisi, inapatikana kila duka la mtaani, na ni imara. Shida yake iko hapa, nasogeza kamera muone. Ukingo umenyooka kama ukuta. Hata ukiinyofoanyofoa kwa koleo, nyuzi zote zina unene mmoja na rangi moja. Kwa ua wa bustani uliokatwa kwa mkasi, kama ule wa mbele ya nyumba za Uingereza, ningeichukua bila kusita. Kwa Normandy, hapana.

Majani ya pakiti yanapendeza sana. Rangi zake zimechanganyika vizuri, na ukibandika kidonge kimoja kimoja unapata kichaka kinene. Lakini hayana mifupa. Ukishika ua mara chache wakati wa mchezo, yanaanza kumwagika mezani. Inabidi uyaloweshe kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, uyaache yakauke, kisha urudie. Na ukijaza mita nzima ya ua kwa majani matupu, pakiti zinakwisha upesi mno.

Sasa manyoya ya farasi. Tazameni karibu. Sikati kwa kisu, navuta kwa vidole hadi yapasuke yenyewe, na oneni ukingo ulivyotoka: kuna nyuzi ndefu zinachomoza, kuna sehemu nene, kuna matundu unayoweza kuona upande wa pili. Vijiti vya kichaka cha kweli hukaa hivyohivyo. Nikibonyeza, inarudi. Nikiegemeza kifaru cha chuma juu yake, inarudi. Vaeni barakoa wakati wa kupasua, vumbi lake linakereketa koo. Puliza rangi nyeusi iliyochanganyika na kahawia, gusa ncha kwa brashi kavu yenye kijivu, kisha nyunyiza majani ya pakiti juu na ubavuni tu, ndani pabaki giza. Pakiti moja inakwenda mbali zaidi hivi.

Wangu wa Pwani, msihangaike kuagiza nje kama hamna haja. Usumba wa nazi uliotiwa mpira, ule wa magodoro na viti, unafanya kazi ileile. Nyuzi zake ni nene na zimenyooka zaidi, kwa hiyo kwa milimita 28 naupenda sana, hasa sehemu ya chini ya kichaka. Kwa milimita 15 unaonekana kama magogo, hapo baki na manyoya.

Uamuzi wangu: manyoya au usumba kwa mifupa, majani ya pakiti kwa ngozi ya juu, sponji iwe ya bustani. Nikiambiwa ninunue kimoja tu, nanunua manyoya.

Na msisahau mlango wa shamba. Tengenezeni kipande kimoja chenye pengo la sentimita 6, maana Sherman ana upana wa karibu sentimita 4.7, na pembeni muweke vijiti viwili vya geti. Mkiweka pengo hilo karibu na pembe ya shamba, mpinzani wenu atalazimika kuamua kama anapita mlangoni, ambako rashasha inamsubiri, au anapasua tuta. Video ijayo naonyesha namna ya kutengeneza kipande cha ua kilichokwisha kupasuliwa na kifaru, cha kubadilisha katikati ya mchezo.