Kadi za istilahi za tiba: Kigiriki wamekipatia, Kimakonde wamekikosea

Nasimamia wanafunzi wa uuguzi wanaokuja fildi katika kituo chetu cha afya huku Newala. Kila kundi linafika na shida ile ile: istilahi wamezikariri, lakini hawajui zinasema nini. Kwa hiyo nilipozikuta kadi hizi kwenye stesheneri moja Mtwara mjini, shilingi 18,000 kwa sanduku la kadi 200, nilizichukua hapo hapo. Mbele kuna istilahi. Nyuma kuna vipande vyake, lugha kilikotoka kila kipande, na maana kwa Kiswahili.

Upande wa Kigiriki na Kilatini, aliyeziandaa anastahili pongezi. Chukua hemoptisisi na hematemesisi. Wanafunzi huzichanganya sana, kwa kuwa zote zinaanza na "haima", damu, na katika zote mbili damu inatokea mdomoni. Kadi zake zinafuatana: "ptysis" ni kutema, "emesis" ni kutapika. Anayekohoa na kutema damu, damu hiyo imetoka kwenye njia ya hewa. Unawaza kifua kikuu, unaagiza makohozi yapimwe. Anayetapika damu, imetoka tumboni au kwenye umio. Unawaza vidonda vya tumbo, au ini lililoharibiwa na kichocho. Ukiandika moja mahali pa nyingine kwenye faili, daktari wa zamu ya usiku anaanzia pasipo.

Othopnea nayo: "orthos" ni wima, "pnoe" ni pumzi. Kuna mgonjwa wa moyo aliyekuwa akikaa kitandani na mito mgongoni, maana akilala chali hewa inamkatikia. Mwanafunzi mmoja akasimama pale na kadi mkononi, akamwambia mwenzake, "Dada, huyu pumzi yake inataka awe wima. Ndiyo othopnea yenyewe." Sijawahi kulifundisha neno hilo kwa ufupi hivyo.

Mifupa imeelezwa vizuri pia. Patela, kile kifupa cha mbele ya goti, ni kisahani, na asetabulamu, kile kishimo cha nyonga, ni kikombe cha siki cha Warumi.

Kilichoniudhi ni majina yaliyotoka kwetu Afrika. Kadi ya chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, imeandikwa "Asili: Kiswahili". Siyo! Ni Kimakonde. Ugonjwa huu ulitambuliwa na madaktari katika mlipuko wa 1952 na 1953, hapa hapa kwenye Uwanda wa Makonde, na jina walilolipeleka kwenye majarida ya tiba ni lile walilolikuta midomoni mwa watu. Ndani yake mna kujikunja, kupindika: viungo vinauma hadi mtu anatembea ameinama. Kosa hilo limo katika maandishi mengi ya nje, na huko naweza kuelewa. Lakini kadi zinazochapwa Tanzania na kuuzwa Mtwara? Wazee wa kuulizwa wamejaa. Mimi Mmakonde, na wanafunzi wangu wengi ni Wamakonde. Wanastahili kujua kwamba lugha ya bibi zao imo katika vitabu vya tiba vya dunia nzima.

Kwashiakoo, yaani unyafuzi, wameiandikia "Asili: Afrika". Afrika si lugha. Neno ni la Waga wa Accra, Ghana, na daktari Cicely Williams alilitumia katika jarida la Lancet mwaka 1935. Ni ugonjwa wa mtoto aliyempisha mdogo wake kwenye titi la mama. Ukilijua hilo, unajua pa kuanzia na mama: mtoto ameacha kunyonya lini, na tangu hapo anakula nini? Kadi iliyofuta asili hiyo imefuta na swali lenyewe.

Konzo, ugonjwa wa kupooza miguu, haimo kabisa, na hilo ni pengo kubwa kwa mkoa huu ulioiona kwa macho miaka ya mwanzo ya 2000. Jina ni la Kiyaka, kutoka Kongo, na linahusu miguu iliyofungwa. Ukame ukibana, watu wanaula muhogo mchungu kabla haujakaushwa au kulowekwa vya kutosha, sumu inabaki, na miguu inakakamaa ghafla, isipone tena. Muuguzi wa Mtwara akose vipi neno hilo?

Karatasi ni nzito ila haina plastiki juu, na wino unachuja ukizishika mikono ikiwa na sanitaiza. Wodini ni shida.

Kwa bei hiyo, nazipendekeza kwa mwaka wa kwanza na wa pili, kwa ajili ya Kigiriki na Kilatini. Majina ya Kiafrika waulizeni wasimamizi wenu hadi watoe toleo lililorekebishwa. Na fungueni sanduku dukani kabla ya kulipa: langu lilikosa kadi zote za herufi T, ila muuzaji alinibadilishia bila maneno.