Augusta National, kitalu cha miche kilichogeuka uwanja wa gofu

Jamani nimeuona kwa macho yangu uwanja wa Augusta National kule Georgia, Marekani, siku ya mazoezi kabla ya Masters, yale mashindano makubwa ya gofu ya kila mwaka ya klabu hii, na kitu cha kwanza nawaambia ni kwamba kwenye tivii vile vilima havionekani kabisa. Ukiangalia nyumbani unadhani ni zulia limetandikwa, kumbe shimo la 10 linateremka karibu mita 30 toka kwenye tii, pale pa kuanzia kupiga, hadi grini, ile nyasi fupi yenye tundu la mpira, na huwezi hata kukimbia maana kukimbia ni marufuku, sasa kupanda kurudi ndo utajua.

Ila mimi nilifuata miti. Kabla ya gofu hapa palikuwa kitalu, kiliitwa Fruitland, cha familia ya Berckmans waliotoka Ubelgiji, toka miaka ya 1850 wanauza miche ya matunda na maua, na ile miti ya magnolia ya barabara ya kuingilia ilikuwepo miaka na miaka kabla hajatokea mtu wa kupiga mpira pale. Bobby Jones, bingwa wa gofu wa Marekani, alistaafu 1930, akapapenda, wakauchora uwanja pamoja na mchoraji wa viwanja Alister MacKenzie, ukafunguliwa 1933. MacKenzie akafariki Januari 1934 na mashindano ya kwanza yakachezwa Machi, yaani hakuyaona, na hili kila nikilifikiria linaniuma.

Kila shimo lina jina la mmea. La 13 ni Azalea na kweli maua yamejaa ubavu mzima, ila pale pa kukaa ni la 12, Golden Bell. Yadi 155 tu! Mbele kijito cha Rae's Creek, nyuma bunka, yaani mashimo ya mchanga, na upepo juu ya misonobari unazunguka hadi mchezaji anashika fimbo hii anairudisha anachukua nyingine, anatazama juu, anairudisha tena. Nilikaa masaa mawili na sikuchoka. Kiti ukikiweka kando ya grini ukaondoka, ukirudi unakikuta, hakuna anayekigusa.

Miti nayo inakufa. Shimo la 17 kulikuwa na msonobari uliomsumbua sana rais wa Marekani Eisenhower, mwaka 1956 akaomba kwenye mkutano wa klabu ukatwe na hawakumkubalia, ukaja kuharibiwa na barafu 2014 wakauondoa. Kimbunga Helene cha 2024 nacho kiliangusha mingi.

Halafu kuna hili ambalo siwezi kuliruka. Miaka mingi makedi, wale wanaowabebea wachezaji fimbo, wote walikuwa watu weusi, lakini mchezaji mweusi wa kwanza kwenye Masters ni Lee Elder, 1975, mwanachama mweusi wa kwanza 1990, wanawake 2012. 2021 Elder aliitwa kwenye tii ya kwanza kwa heshima, akafariki mwaka huohuo. Nilisimama pale kimya muda mrefu, na uzuri wa maua haufuti hayo, vyote ni historia ya uwanja uleule.

Sandwichi ya jibini ya pimento, yaani jibini iliyochanganywa na pilipili tamu nyekundu, ni dola 1.50, kuleni mshibe. Simu hairuhusiwi, na kusema kweli nilifurahi, watu wanaangalia mchezo. Tiketi ni kwa bahati nasibu kwenye tovuti yao, ombeni mapema na muombe siku za mazoezi, mnazunguka kwa utulivu, na vaeni viatu vya kutembea.