Siku mbili na sedani ya umeme ya kifahari kabla ya kutia saini: uzoefu wangu

Mara ya kwanza nilipewa dakika ishirini. Muuzaji alikaa kiti cha pembeni, akanielekeza kwenye barabara iliyonyooka isiyo na magari, akaniambia, "Haya kaka, kanyaga." Nikakanyaga. Gari lenye uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu likatoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa katika sekunde zisizofika tano, bila mngurumo, bila kubadili gia, kichwa changu kimeganda kwenye kiti. Tuliporudi ofisini fomu ya kuagiza ilikuwa mezani na kalamu juu yake, nami nilikuwa tayari kabisa kuishika.

Mke wangu, ambaye alikuwa ametusubiri ndani, aliuliza swali moja tu: "Mama atapandaje?"

Sikuwa na jibu. Mama yangu ana matatizo ya magoti, na safari nyingi za gari letu ni zake. Nilikuwa nimeliendesha gari lile bila hata kufungua mlango wa nyuma. Basi tukaomba tuachiwe gari kwa siku mbili. Muuzaji alisita, akaenda kuzungumza na meneja wake, tukajaza karatasi za bima na dhamana, na wiki iliyofuata nikakabidhiwa ufunguo. Nawashauri sana wenzangu wanaofikiria gari la aina hii waombe hivyo hivyo, na wakinyimwa watafute muuzaji mwingine. Pesa yenyewe ni nyingi mno kuamuliwa na dakika ishirini.

Jina la gari silitaji, kwa sababu mengi ninayoyaeleza utayakuta kwenye sedani yoyote kubwa ya umeme. Lilikuwa na betri ya kilowati-saa 100 hivi (ndicho kipimo cha umeme inaoubeba), mota mbili, springi za hewa na rimu za inchi 21.

Kwanza niimalize habari ya kasi. Kasi ndiyo kitu cha kwanza unachoonyeshwa, na ndicho kinachohitaji majaribio kidogo kuliko vyote. Mota ya umeme inatoa nguvu yake ya kusokota tangu inapoanza kuzunguka. Haingoji mizunguko ipande kama injini ya petroli. Kwa hiyo karibu kila gari la daraja hili linaruka hivyo hivyo, na ukishalijaribu moja umeshajua utakachokikuta kwenye mengine. Siku ya pili nilikuwa sikumbuki tena kukanyaga mpaka mwisho. (Ulimi bado unasema "kanyaga mafuta" ingawa mafuta hayamo.) Nilichokipenda kuliko kasi ni namna gari linavyoondoka taratibu kwenye foleni, bila kushtuka wala kusukasuka. Hilo ninalihitaji kila siku.

Mama alikuja asubuhi ya siku ya kwanza. Tatizo lilianza kabla hajaingia. Vishikio vya milango vimezama ndani ya bodi ili visizuie upepo, vinachomoza vyenyewe ufunguo ukisogea, na baada ya muda vinarudi ndani. Mama alifika mlangoni vikiwa vimesharudi. "Mwanangu, mkono niutie wapi?" akaniuliza. Nikavichomoza, akafungua, akashuka polepole kwenye kiti kilichokuwa chini mno kwake. Mke wangu ndiye aliyegundua, akipekua menyu za skrini, kwamba springi za hewa zinaweza kuliinua gari sentimita chache. Tukajaribu tena. Tofauti ilikuwa kubwa, akaingia bila kushikwa mkono. Muuzaji hakuwa amelitaja jambo hilo hata kidogo, na kwetu lilikuwa na thamani kuliko zile sekunde tano zote.

Ndani kulikuwa na jambo jingine. Betri imetandazwa chini ya sakafu, kwa hiyo sakafu imepanda, na kwa kuwa paa la sedani haliwezi kupanda nalo, kiti cha nyuma kinabaki chini. Matokeo yake magoti yanakuwa juu na mapaja hayaegemei kitu. Mimi mwenye miguu mirefu nilichoka baada ya nusu saa. Mama, ambaye ni mfupi, alikaa vizuri. Hakuna kipimo kwenye karatasi ya muuzaji kitakachokuambia haya. Lazima anayekaa nyuma aje akae, na gari litembee naye.

Na litembee kwa muda. Nilikuwa nimeweka mfumo wa kurudisha nishati kwenye kiwango cha juu, ule ambao ukiinua mguu tu gari linajifunga breki lenyewe na mota inageuka kuwa jenereta ya kurudisha umeme kwenye betri. Dereva anaupenda kwa sababu anaendesha kwa pedali moja. Baada ya robo saa mama akasema kichwa kinamzunguka. Kila nilipogusa na kuachia pedali, yeye alikuwa akisukumwa mbele na kurudishwa nyuma. Nikashusha mpaka kiwango cha chini kabisa, gari likawa linateleza lenyewe nikiinua mguu, naye akatulia, akaanza hata kuusifu ukimya. Jambo hili ni jepesi kulirekebisha ukilijua. Usipolijua unaweza kudhani gari zima ni baya, au kwamba mzee wako anasumbua bure.

Nilipomrudisha mama nilitoka kwenda barabara kuu, na hapa ndipo nilipojifunza mengi. Karatasi ilisema gari linakwenda kilomita 600 kwa chaji moja, kwa kipimo cha WLTP, utaratibu rasmi wa kupima magari. Kipimo hicho hufanywa maabara, kinachukua dakika 30, na wastani wa mwendo wake ni kilomita 46.5 tu kwa saa. Mimi nilikwenda 120 mfululizo. Ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo ukiongeza mwendo maradufu, upepo unakupinga mara nne. Skrini ikaonyesha kilowati-saa 23 kwa kila kilomita 100. Gawanya mwenyewe: 100 kwa 23 ni kilomita 435 hivi, na hizo ni kutoka betri iliyojaa mpaka iliyokwisha kabisa, safari ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeifanya. Ukiwa njiani unachaji mpaka asilimia 80 na kuingia kituo kingine ukiwa na 10 hivi. Basi hesabu ya kweli ya safari ndefu, kwa mwendo wangu na kwa gari lile, ni kilomita 300 kati ya kituo na kituo. Mimi zinanitosha, maana baada ya kilomita 300 nataka kunyoosha mgongo hata gari lisipotaka kuchajiwa. Ila nisingependa kuzijua baada ya kulipa.

Usiku nikaliegesha nje na kamera zake za ulinzi zikiwa zimewashwa. Asubuhi betri ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 43 hadi 40. Zilikuwa zimezila kamera na kompyuta inayokaa macho usiku kucha. Ukiliacha gari wiki mbili uwanja wa ndege, zima mfumo huo.

Kuchaji kwa mara ya kwanza kulinivunja moyo. Asubuhi ya siku ya pili ilikuwa na baridi. Niliendesha kilomita 78 nikifuata ramani ya simu, nikafika kituo cha kuchaji haraka na asilimia 22. Chaja ilikuwa imeandikwa kilowati 300, yaani kasi ya kumimina umeme, gari lenyewe linadai kupokea karibu 200, lakini skrini ikasoma 64. Nikachomoa, nikachomeka tena, nikahamia chaja ya jirani: vile vile. Kufika asilimia 70 kulichukua dakika 41, na muda wote huo nilikuwa nikijiuliza kama nataka maisha haya.

Nikampigia simu muuzaji, naye, kwa haki yake, alilielewa tatizo mara moja. Gari halikujua kwamba ninakwenda kuchaji. Betri ya lithiamu ikiwa baridi haiwezi kupakiwa umeme kwa pupa. Lithiamu inaweza kujibandika juu ya elektrodi, bamba la ndani ya betri linaloipokea, kama utando wa chuma badala ya kuingia ndani yake, na uharibifu huo haurudi nyuma. Kwa hiyo kompyuta inabana mkondo mpaka betri ipate joto. Dawa yake ni kuweka kituo cha kuchaji kwenye ramani ya gari lenyewe, ili lianze kuipasha betri joto mkiwa bado njiani.

Mchana nikafanya hivyo. Baada ya kilomita 240 nyingine nikaingia kituoni na asilimia 15, nikachomeka, na ndani ya dakika moja hivi namba ikapanda mpaka 190. Ilipofika nusu ya betri ilikuwa imeshuka kwenye 130, na kufikia asilimia 80 ilikuwa 60 na kitu. Dakika 32 kwa jumla. Gari lile lile na betri ile ile. Kama ningerudisha gari adhuhuri ningeondoka na hukumu isiyo ya haki, na kama ningechaji mchana tu ningeondoka na matumaini yasiyo na msingi.

Nikazijua pia tofauti za mfumo wa umeme wenyewe. Gari nililojaribu ni la volti 400. Waya na plagi vina mwisho wa mkondo vinavyoweza kuubeba bila kupata moto kupita kiasi, kwenye chaja nyingi za haraka ni ampea 500, na 500 ukizidisha kwa 400 unapata kilowati 200. Ndipo dari lilipo. Porsche walipotoa Taycan, sedani yao ya umeme, mwaka 2019 waliingiza volti 800 ili kulivuka dari hilo, na toleo lake la 2024 linapokea hadi kilowati 320 na kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18. Kwa mtu anayesafiri mbali kila wiki, namba hiyo ni ya kuitafuta kwanza, kabla ya ukubwa wa betri. Mimi ninasafiri mbali mara chache, na umeme wangu mwingi nitauchukua nyumbani usiku. Hapo swali langu ni soketi. Chaja ya ukutani ya kilowati 11 inaijaza betri ile kwa saa kumi hivi. Soketi ya kawaida ya volti 230 na ampea 10 ingehitaji zaidi ya saa 40.

Ukimya wa gari unasifiwa sana, na ni wa kweli mjini. Barabara kuu ni habari nyingine. Injini haipo ya kufunika sauti, kwa hiyo unasikia kila kitu kilichobaki: upepo kwenye vioo vya pembeni na, zaidi ya yote, tairi. Kwenye lami laini gari lilikuwa kama msikiti baada ya swala. Kwenye lami ya kokoto zile tairi pana za inchi 21 zilivuma mpaka tukapandisha sauti ya redio, na kila shimo dogo lilifika mgongoni licha ya springi za hewa. Nikauliza kama kuna rimu ndogo. Zipo, za inchi 19, ni za bei ya chini, na kwa karatasi ya kiwanda chenyewe zinaongeza kilomita. Zile 21 zipo kwenye gari la maonyesho kwa ajili ya macho.

Skrini nitasema kwa ufupi: jaribu kubadilisha mwelekeo wa hewa ya kiyoyozi gari likiwa linatembea. Mimi ilinibidi kupita menyu tatu, macho yakiwa nje ya barabara. Hilo sikulipenda na bado silipendi. Fungua pia buti na kuinua sakafu yake. Tairi la akiba hakuna. Kuna chupa ya gundi na pampu ndogo, na gundi haizibi tairi lililochanika ubavuni.

Jioni nilirudisha gari nikakaa na muuzaji kwa zaidi ya saa nzima, safari hii nikiwa na daftari. Nikaomba kuisoma dhamana ya betri yenyewe badala ya kusimuliwa: miaka 8 au kilomita 160,000, na betri ikishuka chini ya asilimia 70 ya uwezo wake ndani ya muda huo wanaitengeneza au kuibadilisha. Nikauliza nani anatengeneza bodi ya chini ikigongwa, maana betri iko pale pale, na kama fundi wao ameidhinishwa kufungua mfumo wa umeme mkubwa. Alikuwa na majibu, na pale asipokuwa nayo alimwita fundi mkuu aje. Hilo lilinipa imani.

Tumeagiza gari lile lile, lakini la mota moja badala ya mbili, rimu za inchi 19, na springi za hewa ambazo mke wangu alikataa kata kata ziondolewe. Linafika kilomita 100 kwa saa sekunde moja na nusu baadaye kuliko lile la majaribio. Fundi umeme anakuja Jumamosi kupima waya wa nyumba kwa ajili ya chaja ya ukutani, na mama ameomba likifika tumfundishe kuvichomoza vile vishikio mwenyewe.