Ufundishaji wa Bruda Tabichi pale Keriko: nyota 4 kati ya 5

Bruda Peter Tabichi anajulikana zaidi kwa dola milioni 1 alizotunukiwa Dubai Machi 2019, alipotangazwa mwalimu bora duniani. Fedha hizo tuziweke kando, tupime kazi iliyomfikisha huko kama huduma: mwanafunzi anapata nini, inagharimu nini, na nani anaweza kuiiga.

Keriko ni sekondari ya kutwa katika kijiji cha Pwani, Kaunti ya Nakuru, Kenya (Pwani hiyo haina bahari, ina ukame). Wakati wa tuzo ilikuwa na kompyuta 1, intaneti ya kusuasua, na mwalimu 1 kwa wanafunzi 58. Karibu theluthi ya watoto walikuwa yatima au wenye mzazi mmoja.

Tabichi, mtawa Mfransisko na mwalimu wa hisabati na fizikia, aliamini kwamba humo mna wanasayansi. Maneno hayo kila mwalimu huyasema siku ya wazazi. Yeye aliyatengea saa. Akiwa na wenzake 4, aliwafundisha waliolemewa na hisabati na sayansi mmoja mmoja, nje ya vipindi na wikendi, na kuwatembelea nyumbani.

Hapo ndipo penye thamani ya huduma yote. Katika darasa la watu 58, anayekosa swali la V = IR (volti ni mkondo, yaani I, mara ukinzani) huonekana hajui umeme. Mketishe peke yake, akokotoe huku akieleza kila hatua kwa sauti, na mara nyingi utakuta umeme anaujua. Kinachomshinda ni kuiacha I peke yake upande mmoja wa mlinganyo, hesabu iliyompita zamani. Dakika 20 za aljebra zitamfaa kuliko kurudia mada nzima. Kinachoharibu ni mwalimu kunyakua kalamu na kumalizia swali mwenyewe. Mtoto ataitikia "nimeelewa, mwalimu", na kesho atakosa palepale. Ziara ya nyumbani nayo hufichua yasiyoandikwa daftarini: taa hakuna, chakula hakuna, au msichana ameshaanza kuposwa.

Vielelezo alivipakua saiba (duka la intaneti) akaja kuvitumia darasani bila intaneti. Anayeiga akate intaneti akiwa bado saiba, afungue kila faili; zipo zinazogoma, na ubaya wake hugundulika mbele ya darasa. Kioo cha kompyuta moja pia hakiwatoshi watu 58, kwa hiyo makundi ni lazima.

Matokeo yapo. Wanafunzi walibuni kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu, na katika maonyesho ya kitaifa ya sayansi na uhandisi ya 2018 Keriko iliongoza shule za umma. Timu ya hisabati ikafuzu kwenda mashindano ya kimataifa ya 2019 huko Arizona, Marekani. Kwetu sisi, hesabu nzito zaidi ni ya waliojiunga na elimu ya juu: 16 kati ya 59 mwaka 2017, kisha 26 mwaka 2018. Kupanda ni kupanda, ingawa hao 43 wa 2017 magazeti hayakuwataja sana.

Nyota ya tano tumeizuia kwa sababu ya mfuko. Bruda alitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia wahitaji. Mtawa aliyeapa ufukara anaweza. Mwalimu mwenye watoto wa kulipia karo hawezi, na shule isiyaweke hayo kwenye mpango wake.

Kinachoigika ni saa. Kianzie mwaka wa kwanza wa sekondari, wiki ya pili ya muhula: jaribio fupi la sehemu, uwiano na milinganyo, kisha kila mwalimu achukue watoto 5, jina kwa jina, kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani. Ikisubiriwa hadi mwaka wa mwisho, nafasi hiyo italiwa na mitihani ya majaribio.