Choki ya Sumaku au ya Kielektroniki kwa Taa ya Ulinzi ya Nje
Kwa taa ya sodiamu ya wati 70 inayowaka ukutani usiku kucha, choki (kifaa kinachodhibiti umeme unaopita kwenye balbu) ya sumaku, yaani waya wa shaba uliozungushwa kwenye mabamba ya chuma, ni nzito, huvuma, na hupoteza takriban wati 10 au zaidi kama joto. Hata hivyo hustahimili umeme unaopanda na kushuka. Ile ya kielektroniki ni nyepesi na haipepesi mwanga, lakini radi moja, au unyevu uliopenya kwenye mpira uliochakaa wa kifuniko, huweza kuiua. Mahali ambapo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, ningefunga ya sumaku pamoja na ignita (kifaa cha kuiwasha balbu) na kapasita yake (kifaa kinachopunguza umeme unaovutwa kutoka kwenye laini), mradi wati zilizoandikwa juu ya choki zilingane na za balbu, kwa kuwa choki ya wati 150 huiunguza mapema balbu ya 70.