Neti ya kuvuna ukungu: angalia inavyoachia maji

Mwaka jana nilinunua neti mjini Tanga kwa shilingi 140,000, nikaipandisha Lushoto. Muuzaji aliniapia kwamba ni ya ukungu, yaani inaunasa na kuugeuza maji ya ndoo. Tuliifunga kwenye nguzo mbili juu ya kilima nyuma ya nyumba, ikitazama upepo. Asubuhi ya ukungu wa kwanza, saa kumi na mbili, nikaikuta imelowa chapachapa, ila kwenye ndoo mlikuwa na vikombe viwili tu. Nikapitisha kidole kwenye neti, maji yakatiririka hadi kwenye kiwiko. Kumbe kila tundu lilikuwa limezibwa na tone lililogoma kushuka. Saa tatu jua likatoka, yote yakakauka palepale.

Ndiyo maana siongelei rangi wala ukubwa hapa, wauzaji wenyewe watawaambia. Mimi nauliza jambo moja: neti ikishanasa maji, inayaachiaje? Chembe ya ukungu ni ndogo mno, haianguki kama mvua, inasafiri na upepo. Matundu yakiziba, upepo unaizunguka neti na kwenda zake na maji yenu.

Ninayoipenda kuliko zote, na sifichi, ni CloudFisher ya Ujerumani. Kitambaa chake ni kinene, na nyuma yake kuna wavu mgumu wa plastiki, kwa hiyo upepo hauivimbishi kama tanga na matone yanaangukia kwenye mfereji badala ya kumwagika kando. Imefungwa kwa mipira inayonyumbulika, nayo imeundwa kuhimili upepo wa kilomita 120 kwa saa. Shirika la Dar Si Hmad linaitumia kwenye mlima Boutmezguida, Moroko, ambako upepo ulikuwa unachana neti za kawaida. Bei yake ni ya shule au kijiji kuchangishana, si ya nyumba moja. Hilo linaniuma.

Ya pili ni neti ya kivuli ya kitalu, mfumo wa Raschel, ya asilimia 35 (yaani inazuia asilimia 35 ya mwanga), tena tabaka mbili. Hii ndiyo iliyowapa maji watu wa Chungungo, kule Chile, wastani wa lita 15,000 kwa siku katika miaka ya tisini. Msisahau hizo tabaka mbili: upepo ukivuma zinasuguana, na msuguano huo ndio unaoangusha matone. Mimi niliuziwa tabaka moja ya asilimia 80, nzito, ya kufunikia miche. Ukiuliza asilimia, wanakutajia rangi. Ukisema unataka ya kitalu cha nyanya unapewa bei moja, ukisema ya maji bei inapanda, na robota ni lilelile! Tunaochota maji korongoni ndio tunaotozwa zaidi.

Ya tatu ni kinubi, yaani fremu yenye nyuzi za wima tu kama za kinubi cha muziki, bila nyuzi za kukingama. Watafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech, Marekani, walikitangaza mwaka 2018, wakiiga sindano za miti mirefu ya redwood ya California. Tone halina pa kung'ang'ania, linateleza moja kwa moja. Fundi jirani alinitengenezea fremu ya mita moja kwa mshipi wa kuvulia samaki, na ndoo ikaanza kulia tone kwa tone kabla hakujapambazuka. Kasoro ni kwamba nyuzi zikilowa hugandana mbilimbili, kwa hiyo zikazwe sana.

Dawa za kupulizia neti zinazotangazwa kwa picha ya mbawakawa wa jangwa la Namib, achaneni nazo. Mgongo wa mbawakawa umechunguzwa kweli kwa jinsi unavyonasa maji, lakini watu wanasahau kwamba anayekunywa ukungu kule huinua makalio na kuinamisha kichwa, maji yakamfuata mdomoni. Ni mwinamo unaomnywesha. Nyasi za matuta ya huko nazo zina vijifereji vinavyoteremsha maji hadi shinani. Hakuna dawa ya kopo inayokupa hayo.

Chandarua, hapana: matundu yanaziba mara moja, na vingi vina dawa ya mbu.

Mkienda dukani, bebeni chupa ya kupulizia maji. Ombeni kipande, kishikeni wima, pulizeni kama dakika mbili, kisha tazameni chini yake. Maji yasipodondoka, rudisheni. Muuzaji wangu alinikataza kupuliza, akasema nitamlowanishia mzigo.