Wodi ya njiti: nyota nne, ya tano nimeishikilia

Mwanangu alizaliwa wiki ya 30, gramu 1,280. Tuliingia naye wodi ya watoto njiti alfajiri, tukatoka siku ya 38. Kwa hiyo haya si maoni ya mtu aliyepita kumsalimia mgonjwa.

Mlangoni pana sinki, sabuni, na sista mmoja ambaye nadhani aliajiriwa kunitazama mimi tu. "Baba, saa umevua? Rudia kunawa." Wiki ya kwanza nilimwona mkorofi. Kisha daktari akanieleza kuwa ngozi ya njiti ni nyembamba na kinga yake hafifu, na maambukizi yaliyoingia kwa vidole vyangu yanaweza kummaliza kwa saa chache. Nikawa nanawa hadi viwiko bila kusukumwa.

Mashine ya kumsaidia kupumua niliiwazia kubwa. Kumbe ni vijirija viwili puani, na mwisho wa mpira umezamishwa kwenye chupa ya maji. Mapovu yakitoka, mgandamizo wa hewa upo. Mapafu ya njiti hayajatengeneza vya kutosha ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa kunata kila anapotoa pumzi. Bila hewa ya kuvishikilia wazi, mtoto huchoka tu. Nilizoea kusinzia kitini nikisikiliza mapovu. Yakinyamaza, macho hayo. Alipewa pia kafeini, ndiyo, ile ile ya kwenye kahawa, kwa sababu watoto hawa husahau kupumua.

Siku ya tatu wakaniambia nivue shati. Mke wangu alikuwa bado hajiwezi baada ya upasuaji. Presha ndiyo iliyofanya mtoto atolewe mapema. Nilidhani kangaruu, yaani kumbeba njiti kifuani, ni namna ya kumbembeleza mtoto tu, kumbe ni ya kumpa joto. Kipimajoto kilisoma 36.1. Akafungwa kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, miguu kama ya chura. Saa moja baadaye: 36.8. Njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, mahali ambapo inkubeta, yaani visanduku vya kuwatunzia njiti joto, hazikutosha watoto, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri ianze mara tu baada ya kuzaliwa, isipokuwa kwa mahututi asiyeweza kupumua mwenyewe. Yaani sisi tulichelewa siku tatu. Nilipouliza, nikajibiwa "tulikuwa tunasubiri atulie."

Chakula sina malalamiko. Maziwa ya mama yake yalipimwa kwa mililita na kupitishwa kwenye mpira wa puani, kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Alipungua uzito siku za mwanzo, tukaambiwa mapema kwamba ni kawaida, hatukupaparika.

Nyota ya tano? Usiku, masista wawili kwa watoto 19. Kengele ya mwanangu ililia wakati wote wawili wameinama kwa mtoto mwingine. Nilimsugua unyayo kama nilivyofundishwa mchana, akashtuka, akavuta pumzi. Kunifundisha walifanya vizuri. Kuniachia mimi kazi hiyo saa tisa usiku, hapana.

Na kuna asubuhi moja. Kitanda cha jirani yetu kilikuwa kimetandikwa upya. Mama yake akaingia na kikombe cha maziwa aliyoyakamua, ameshanawa mikono, anatabasamu, kwa sababu hakuna aliyemwita kumwambia. Kila mtu mle ndani alijua isipokuwa yeye. Wodi inayoweza kupima maziwa hadi mililita moja haikosi kiti na chumba cha kumkalisha mama kabla hajafika kitandani.

Tulitoka na gramu 1,860, ananyonya mwenyewe. Ukipelekwa huko, beba mashati ya vifungo mbele. Fulana ya kuvulia kichwani itakusumbua, na saa iache nyumbani.